Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini: hakiki ya huduma tangu mkutano wa kijiji hadi dirisha la malipo

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, ni huduma, na unastahili kupimwa kama huduma: unamfikiaje mhusika, unampa nini, unampa lini, na unapokosea unajirekebishaje. Kwa vipimo hivyo, sifa yake kubwa ni kwamba unamkabidhi mtu fedha na kumwachia uamuzi wa matumizi. Kasoro yake kubwa ni kwamba fedha hiyo inapitia mikono na fomu nyingi kabla haijafika, na kila fomu ni mahali pa kukwama. Kaya inayolipwa kwa tarehe, hata kiasi kidogo, hupanga maisha yake. Kaya inayolipwa kiasi hicho hicho kwa kurukaruka hubaki ilipokuwa, mara nyingine ikiwa na deni dukani juu yake. Anayeutathmini mpango huu kwa ukubwa wa bajeti peke yake anakosa jambo hili, nalo ndilo linalogawa mafanikio na kushindwa.

Mpango haukuanzia patupu. Tanzania imejaribu kuufuta umaskini kwa mikono mikubwa tangu Azimio la Arusha la Februari 1967. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo la kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Kuanzia 1973 watu walihamishiwa vijijini kwa amri, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza nchi nzima. Pampu za dizeli zilikufa kwa kukosa vipuri na mafuta, kwa sababu bajeti ilikuwepo ya kufunga mashine na haikuwepo ya kuitunza, na mwanakijiji hakuwa na mamlaka juu yake. Mashamba ya pamoja yalikufa. Kilichobaki ni kitu ambacho wengi hawakihesabu: kijiji chenyewe kama chombo cha kisheria. Sheria ya vijiji ya 1975, na baada yake Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ziliacha mkutano mkuu wa kijiji ambamo kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti, na halmashauri ya kijiji inayowajibika kwa mkutano huo. TASAF ilipoingia, ilikuta ukumbi tayari. Nchi nyingi zinazotoa ruzuku kwa maskini hulazimika kuunda kamati mpya kila kata. Hapa mkutano ulikuwepo, watu wamezoea kukaa chini ya mti na kubishana kwa majina. Bila urithi huo mpango huu usingeweza kusambaa kwa kasi uliyosambaa nayo.

Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mchango wa serikali. Awamu ya kwanza na ya pili zilijikita zaidi katika majengo: madarasa, zahanati, nyumba za walimu, visima, barabara ndogo. Wananchi walichangia mchanga, kokoto, maji na nguvu kazi. Majengo mengi ya wakati ule bado yanatumika, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba jengo la zahanati linatoka mfuko mmoja na mshahara wa mganga unatoka mfuko mwingine, na mifuko hiyo haikutembea pamoja. Zahanati iliyopakwa rangi ikakaa imefungwa. Tena jengo humnufaisha anayeweza kulifikia na kulipia kilichomo, si lazima yule maskini kuliko wote.

Ndiyo maana mwaka 2010 yalianza majaribio ya kuwapa watu fedha moja kwa moja katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu, 40 vikaanza kulipwa na 40 vikangoja, ili tofauti ipimwe kwa haki. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua mpango wa nchi nzima, na ndani ya miaka michache zaidi ya kaya milioni 1 zikawa kwenye orodha, katika takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Februari 2020 Rais John Magufuli akazindua kipindi cha pili kilicholenga kuvifikia pia vijiji vilivyokuwa vimeachwa.

Sasa hesabu. Kipindi cha kwanza kilikuwa na viwango ambavyo kila mlengwa alipaswa kuvijua kwa kichwa, na wengi hawakuvijua. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila kaya. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000. Hizo 14,000 hazikuwa na sharti. Juu yake zikaja ruzuku za masharti: 4,000 kwa kaya yenye mtoto mchanga hadi miaka 5 anayehudhuria kliniki, 2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi hadi watoto 4, 4,000 kwa kila aliye kidato cha 1 hadi cha 4, na 6,000 kwa kila aliye kidato cha 5 au cha 6. Ukomo kwa kaya nzima ulikuwa 38,000 kwa mwezi. Malipo yakatolewa kila baada ya miezi miwili, na kila zamu ya malipo ndiyo inayoitwa dirisha. Chukua mama mwenye mtoto wa mwaka 1 na wawili walio shule ya msingi: 10,000, na 4,000, na 4,000, na 4,000 nyingine ya wanafunzi wawili. Jumla 22,000 kwa mwezi, 44,000 kwa dirisha. Kipindi cha pili kilisogeza viwango juu, ila nyongeza zinazotegemea watoto na mahudhurio zilibaki.

Viwango vya kipindi cha kwanza viliendelea kulipwa vile vile kwa miaka huku bei za unga, mafuta ya taa na nauli zikipanda. Hakuna kifungu kilichofungamanisha ruzuku na mfumuko wa bei. Hili ni kosa la kiufundi, wala halihitaji fedha nyingi kulirekebisha kama likifanywa kidogo kidogo kila mwaka; likiachwa miaka saba, pengo linakuwa kubwa kiasi kwamba kila mtu anaogopa kulifunga.

Kuingia kwenye orodha ndiyo hatua yenye machungu mengi, na inafaa kuielewa vizuri kabla ya kumlaumu mwenyekiti wa kijiji. Kwanza, taifa linagawa nafasi kwa halmashauri na vijiji kufuatana na takwimu za umaskini. Pili, wawezeshaji kutoka halmashauri wanaitisha mkutano wa kijiji, wananchi wanakubaliana sifa za kaya maskini sana kwa mazingira yao, kisha majina yanatajwa kitongoji kwa kitongoji. Tatu, kila kaya iliyotajwa inajaziwa dodoso: idadi ya watu na umri wao, elimu ya mkuu wa kaya, aina ya paa, sakafu na ukuta, chanzo cha maji, choo, vyombo, mifugo, shamba. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta ambayo inayapa uzito na kutoa alama. Aliye juu ya mstari anatoka, aliye chini anabaki. Mwisho orodha inarudi kwenye mkutano wa kijiji kuhakikiwa.

Tatizo liko katika hatua ya tatu. Kanuni ya kompyuta inakadiria matumizi ya kaya kwa vitu vinavyoonekana, na katika kijiji ambako karibu kila mtu ni maskini, vitu hivyo havitofautiani sana. Bibi anayelea wajukuu wanne ndani ya nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe kabla hajafariki anaonekana ana nafuu kuliko kijana mwenye nguvu aliyeezeka kwa nyasi. Mkutano ulimtaja bibi, kompyuta ikamtoa. Wanakijiji hawaoni kompyuta, wanamwona mwenyekiti, na lawama zinamwangukia yeye. Kosa la upande wa pili nalo lipo: ndugu wa viongozi wanaotajwa kwa sababu waliohudhuria mkutano siku hiyo ni wachache. Mkutano wenye watu 60 katika kijiji cha watu 2,000 si mkutano, na mwezeshaji mwenye busara huuahirisha. Ukiwa mwanakijiji, jambo moja lenye faida kuliko yote ni kuhudhuria mkutano wa mwisho, ule wa kuhakiki, maana ndio pekee ambapo orodha iliyotoka kwenye kompyuta inasomwa mbele za watu na pingamizi linaweza kuandikwa kwenye muhtasari.

Uhakiki wa 2016 uliondoa makumi ya maelfu ya kaya. Magazeti yakaandika "kaya hewa", na neno hilo likafunika mambo manne tofauti: waliofariki, waliohama, walioshindwa kujitokeza kwenye malipo, na wale ambao kweli hawakustahili tangu mwanzo. Mlengwa aliyelazwa hospitali ya rufaa wakati wa uhakiki aliweza kuwekwa kapu moja na mtoto wa diwani. Mpango wa kijamii unaohakiki kwa kufuta kwanza na kuuliza baadaye huwaumiza zaidi wasio na simu wala mtu wa kuwasemea. Lililofaa ni kusimamisha malipo kwa madirisha mawili, kubandika majina kwenye ofisi ya kijiji, kisha ndipo kufuta.

Kuhusu masharti, tathmini hii inaegemea upande mmoja na haitaficha: sharti la elimu na afya limezidishiwa sifa. Kwa maandishi, mtoto wa chini ya miezi 24 apelekwe kliniki kila mwezi, wa miezi 24 hadi 60 kila miezi sita, na mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Hakuna mzazi anayebishana na malengo hayo. Ugumu uko kwenye karatasi. Fomu inatoka halmashauri, inafika kijijini, inakwenda kwa mwalimu anayejaza kutoka kwenye daftari la mahudhurio, inarudi kwa kamati ya usimamizi ya jamii, yaani wanakijiji waliochaguliwa kuusimamia mpango, inapelekwa halmashauri, inaingizwa kwenye mfumo. Mwalimu hana posho ya kazi hiyo. Fomu ikichelewa wiki mbili, mtoto anasomeka kama hakuhudhuria, na makato yanakuja kwenye dirisha linalofuata, miezi kadhaa baada ya tukio, mama akiwa hajui amekatwa kwa nini. Kama lengo la sharti ni kumfundisha mzazi, adhabu inayofika ikiwa imechelewa na bila maelezo haimfundishi chochote. Isitoshe, tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada hadi kidato cha 4. Kinachomtoa mtoto shuleni sasa ni sare, madaftari, umbali na njaa ya mchana, na hivyo hutatuliwa kwa fedha mkononi kuliko kwa fomu.

Kuna kasoro nyingine ndani ya hapa ambayo haisemwi sana na inagharimu sana. Nyongeza hutegemea taarifa za watoto zilizomo kwenye mfumo, na mfumo haujui kwamba mtoto amepanda darasa mpaka mtu auambie. Kwa viwango vya kipindi cha kwanza, mtoto aliyemaliza darasa la saba na kuingia kidato cha 1 alipaswa kutoka 2,000 hadi 4,000. Asipohuishwa, kaya inapoteza 2,000 kila mwezi, sawa na 24,000 kwa mwaka, na hakuna atakayeirudisha. Mtoto aliyezaliwa baada ya kaya kuandikishwa hayumo kabisa hadi aingizwe. Kuhuisha taarifa ni haki ya mlengwa na kunatakiwa kufanyika wakati wa malipo: peleka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki kwa mtoto mchanga, barua ya shule kwa aliyepanda ngazi au kuhama, na cheti au barua ya mtendaji kwa aliyefariki. Kisha dirisha linalofuata uliza kama kiasi kimebadilika. Kisipobadilika, taarifa ilibaki kwenye karatasi.

Dirisha la malipo lenyewe limepita hatua mbili. Mwanzoni yote ilikuwa taslimu: maofisa wa halmashauri wanakuja na fedha, walengwa wanaitwa jina kwa jina, wanasaini au kuweka dole gumba, kamati inashuhudia. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaona nani kalipwa kiasi gani. Ubaya wake ni kwamba siku nzima inapotea, njia ya mvua inaweza kuzuia gari, na karibu na meza ya malipo huwapo watu wanaodai michango ya kijiji papo hapo. Makato ya mchango mezani hayana msingi katika mpango huu. Mlengwa anapaswa kuondoka na kiasi chote kilichoandikwa mbele ya jina lake, na michango mingine aitoe mahali pengine kama wananchi wengine wote.

Malipo ya simu na benki yalikuja kuondoa msafara huo, na kwa mjini yamefanya kazi vizuri. Vijijini yanakwama mahali pamoja zaidi ya pengine: majina. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na jina lililomo huko linaweza kutofautiana na lile lililoandikwa kwenye orodha ya walengwa miaka kadhaa kabla. Herufi moja ikipungua, jina la baba likiandikwa badala ya la mume, muamala unarudi. Mama hajui kwamba umerudi. Anajua tu kwamba jirani kapata yeye hajapata. Kundi la pili ni wasio na laini yao, ambao wamesajiliwa kwa simu ya mtoto au shemeji. Hapo fedha imefika, ila si kwake. Kabla ya kukubali kuhamia kwenye simu, mlengwa ahakikishe mambo matatu: laini iko kwa jina lake mwenyewe, jina hilo linafanana herufi kwa herufi na la kwenye kadi yake ya mpango, na kuna wakala karibu mwenye fedha za kutosha siku ya malipo. Hili la tatu linasahaulika. Kijiji chenye walengwa 150 wanaotaka kutoa 40,000 kila mmoja kinahitaji milioni 6 mkononi mwa wakala siku moja, na wakala wengi wa vijijini hawana hata robo yake. Hana budi mtu kupanda bodaboda hadi mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inakula ruzuku ya wiki nzima.

Tuje kwenye ajira za muda ambazo mpango huu huzitoa kwa kaya za walengwa. Mtu mmoja mwenye nguvu kutoka kila kaya alifanya kazi siku 60 kwa mwaka, siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, kwa ujira wa 2,300 kwa siku katika kipindi cha kwanza. Hiyo ni 138,000 kwa mwaka ikilipwa yote, na kwa kaya isiyo na mtoto wa shule ni nyongeza kubwa kuliko masharti yoyote. Wazo ni zuri: kazi ije wakati wa ukata, kabla ya mavuno, ili watu wasiuze mbuzi wala kuacha shamba lao kwenda kulima vibarua. Utekelezaji ndio unaolivunja. Fedha za vifaa zikichelewa, kazi husogea hadi msimu wa kilimo, na mlengwa analazimika kuchagua kati ya palizi yake na kuchimba lambo, yaani bwawa dogo, la kijiji. Miti inayopandwa mvua zikiwa zinaisha hufa karibu yote. Barabara inayochongwa kwa jembe bila mitaro ya pembeni na bila makalavati huondoka na masika ya kwanza.

Malambo yanastahili neno lake peke yake, kwa sababu ndiyo miradi inayodumu ikifanywa sawa na inayopotea haraka ikifanywa ovyo. Lambo hutaka udongo wa mfinyanzi. Likichimbwa kwenye kichanga, maji hushuka chini ndani ya wiki chache. Tuta lishindiliwe kwa tabaka nyembamba, si kwa kurundika udongo wote na kuukanyaga juu, maana tuta lililorundikwa hupasuka kwa ndani. Na lazima iwepo njia pana ya kutolea maji ya ziada upande mmoja, chini kidogo ya kilele cha tuta, iliyopandwa majani au kupangwa mawe. Malambo mengi yaliyobomoka yalikosa njia hiyo: maji yakapita juu ya tuta, yakachimba, usiku mmoja likaondoka lote. Mtaalamu wa umwagiliaji wa wilaya anatakiwa afike mara tatu, wakati wa kuchagua eneo, wakati msingi ukiwa wazi, na kabla ya kufunga tuta. Akifika mara moja tu, kwenye uzinduzi, hiyo si usimamizi.

Je, fedha zimesaidia? Ndiyo, na ushahidi wa majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino uko wazi kuliko ubishi wa vijiweni. Kaya zilizolipwa ziliingia zaidi kwenye mfuko wa afya ya jamii. Watoto wadogo waliugua siku chache. Watoto walinunuliwa viatu. Mifugo midogo iliongezeka, kuku hasa. Woga kwamba fedha zitaishia kwenye pombe haukuthibitika, na ndivyo ilivyoonekana pia katika tafiti za nchi nyingine nyingi zinazotoa ruzuku. Kuku ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini. Kaya inayonunua kuku inajiwekea akiba kwa njia inayoiamini: kuku anauzika siku yoyote, mbuzi huuzwa mtoto akipangiwa kidato cha 1. Lakini mtu hanunui kuku kwa fedha asiyojua itakuja lini. Dirisha likichelewa miezi minne, kuku wote huuzwa kulipa deni, na mwaka unaanza upya.

Bima ya afya nayo inaonyesha ufinyu wa kiasi. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ruzuku ya msingi ya dirisha moja ilikuwa 20,000. Kaya iliyotegemea ruzuku ya msingi peke yake iliweza kulipa bima kama tu malipo mawili yalifuatana bila pengo, na kama wakala wa bima alikuwepo siku ya malipo. Halmashauri zilizowaweka pamoja meza ya malipo na mwandikishaji wa bima zilifanya jambo dogo lenye busara kubwa.

Kwa kulinganisha, tazama Zanzibar. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza Pensheni Jamii: kila mkazi aliyefikisha miaka 70 alilipwa 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Zanzibar yenyewe, na kiasi hicho kikaja kupandishwa hadi 50,000. Hakuna dodoso la paa, hakuna alama za kompyuta, hakuna fomu ya mahudhurio. Swali kuu ni umri, na ugomvi wake mkubwa ni vyeti vya wazee waliozaliwa kabla ya usajili kuenea. Mtu atasema wapo wazee wenye uwezo wanaolipwa bure. Wapo. Lakini gharama ya kuwachuja, pamoja na wazee maskini wanaotolewa kimakosa kwenye uchujaji, ni kubwa kuliko inavyofikiriwa, na mzee anayejua kwamba mwezi ujao atalipwa anaweza kukopeshwa unga na mwenye duka bila kuhojiwa. Bara ingeweza kuanzia hapo kwa wazee, na kuacha mkutano wa kijiji na dodoso kwa kaya zenye watoto.

Kuhitimu ni eneo lililobaki na maswali mengi. Mpango unatarajia kaya ifike mahali pa kujitegemea, kwa ruzuku, vikundi vya kuweka akiba na ruzuku ndogo ya uzalishaji, kisha itoke. Kwa kaya yenye watu wazima wenye nguvu, hilo linawezekana. Kwa bibi wa miaka 74 na wajukuu watatu, hakuna mradi wa kuku utakaomhitimisha. Anachohitaji ni malipo hadi mwisho wa maisha yake au hadi mjukuu mkubwa aanze kujitegemea. Kuziweka kaya hizi mbili kwenye ratiba moja ya kutoka ni kosa la muundo, na lirekebishwe kwa kuzitenganisha tangu siku ya kuandikishwa.

Aliyekatwa, aliyerukwa au aliyefutwa afanye hivi. Aombe fomu ya malalamiko kwa kamati ya usimamizi ya jamii au kwa mtendaji wa kijiji, na kama hajui kusoma, aandikiwe mbele yake kisha asomewe kwa sauti. Fomu itaje namba ya kadi ya mpango, dirisha linalolalamikiwa kwa mwezi na mwaka, kiasi alichotarajia na alichopokea. Abaki na nakala yenye tarehe na jina la aliyeipokea; nakala ya simu, yaani picha, inatosha. Madirisha mawili yakipita bila jibu, apande kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri akiwa na nakala hiyo, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, aombe suala lake liingizwe kwenye muhtasari kwa jina.